Matahi Hakuliwa na Papa

Nianze na kichekesho, maana mambo ya mbele si ya kuchekesha sana. Wiki ya tatu ya semesta hii klabu ya filamu ilibandika tangazo kwenye ubao ulio karibu na kafeteria. Neno moja kubwa: TABU. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ijumaa, saa moja jioni, bure. Jamaa mmoja wa mwaka wa kwanza akasimama, akalisoma, akaguna: "Tabu ya bure? Hiyo si tunayo tayari?" Foleni nzima ya wali maharage ikaangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Neno lenyewe si letu. Tabu yetu, hii ya shida na usumbufu, asili yake ni Kiarabu. Tabu ya kwenye tangazo ni ya watu wa Polinesia, visiwa vya katikati ya Bahari ya Pasifiki, na maana yake ni mwiko: kitu kilichotengwa, kisichoguswa. Nahodha Mwingereza James Cook alilikuta Tonga mwaka 1777, akalibeba hadi kwao, na tangu hapo Wazungu wanalitumia kama mali yao. Kwa hiyo ni maneno mawili yanayofanana sura lakini hayana undugu. Hata hivyo, baada ya kuiangalia filamu hiyo mara mbili, naamini inayahitaji yote mawili. Nusu yake ya kwanza ni ya mwiko. Nusu ya pili ni tabu tupu, tabu yetu hii hii.

Kwa ambao hamkufika (na mlikuwa wengi, maana jioni ile kulikuwa na mechi), niwape habari zake kwa ufupi. Tabu ilitoka mwaka 1931. Aliyeiongoza ni F. W. Murnau, Mjerumani aliyekwishapata jina kwa Nosferatu ya 1922 na Sunrise ya 1927. Hadithi aliitunga pamoja na Robert Flaherty, Mmarekani aliyetengeneza Nanook of the North, ingawa wawili hao walikorofishana njiani na Flaherty akajitoa. Ilipigwa Bora Bora na Tahiti, visiwa vilivyokuwa chini ya Ufaransa, na walioigiza karibu wote walikuwa watu wa huko huko, si waigizaji wa kazi. Haifikishi saa moja na nusu.

Na ni filamu bubu. Wakati inatoka, filamu za kuongea zilikuwa zimeshateka majumba ya sinema ya Marekani, lakini Murnau aling'ang'ania ukimya. Kuna muziki, basi. Ukiacha maelezo ya mwanzoni, hayapo hata yale maandishi ya kukatiza picha ili kukuambia fulani kasema nini. Ukiona maneno kwenye skrini, ujue ni karatasi ambayo mtu wa ndani ya hadithi anaisoma au anaiandika: ujumbe wa chifu, daftari la polisi, tangazo la zawadi, bili, barua. Watu hawasemi, karatasi ndizo zinazosema. Naomba msomaji ulishike hilo, tutalirudia.

Hadithi ni hii. Matahi ni kijana wa Bora Bora, hodari wa kuvua na kuogelea, na anapendana na binti anayeitwa Reri. Siku moja inakuja meli, na ndani yake kuna mzee anayeitwa Hitu, mjumbe wa chifu wa kisiwa kingine. Hitu anasoma ujumbe: yule binti mtakatifu wa miungu amefariki, na Reri amechaguliwa kushika nafasi yake. Kuanzia sasa yeye ni tabu. Mwanamume atakayemgusa au hata kumtazama kwa tamaa atakufa. Usiku Matahi anamtorosha, wanakimbilia kisiwa chenye Wazungu, maduka na wapiga mbizi wa lulu. Huko Matahi anakuwa mpiga mbizi bora kuliko wote. Akipata lulu anashangilia, watu wanakusanyika, wanacheza, wanakunywa, na Matahi anaweka saini kwenye kila karatasi anayoletewa na mwenye duka. Hajui ni karatasi za nini. Anasaini huku anacheka.

Baadaye polisi Mfaransa anapata tangazo la zawadi kwa atakayemrudisha binti. Matahi anamhonga kwa lulu. Kisha Hitu mwenyewe anatokea, anampa Reri siku tatu. Wapenzi wanaamua kupanda meli ya kwenda Papeete. Matahi anakwenda kununua tiketi, na hapo ndipo zile karatasi alizosaini zinatolewa. Fedha zote zinakwenda kwenye deni. Imebaki njia moja: sehemu ya bahari yenye lulu kubwa inayolindwa na papa, nayo imetangazwa tabu baada ya mpiga mbizi mmoja kufia pale. Matahi anakwenda usiku peke yake. Anapambana na papa, anashinda, anarudi na lulu mkononi. Reri hayupo. Amekwenda na Hitu ili kumwokoa, ameacha barua. Matahi anaifuata jahazi kwa kuogelea, anaikaribia, anaishika kamba. Hitu anaikata. Matahi anaendelea kuogelea mpaka nguvu zinamwishia, anazama.

Ukumbini mwanzoni watu walikuwa wanacheka. Filamu ya zamani haikosi vichekesho: watu wanatembea haraka haraka, macho yanatolewa, mikono inarushwa. Nyuma yangu kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa anawawekea maneno mdomoni, na kwa kweli alikuwa anajua. Lakini kamba ilipokatwa hata yeye alinyamaza. Taa zikawashwa, ubishi ukaanza, na ubishi huo ndio ulionifanya niandike makala hii.

Upande mmoja walisema hii ni filamu ya kikoloni, Mzungu anatuuzia watu wenye vifua wazi wanaocheza mchana kutwa, tuitupe. Upande mwingine walisema hapana, ni hadithi ya mapenzi na mila, vijana wawili wanapondwa na mwiko wa wazee, hata kwetu yapo. Kila upande ulikuwa na lake la kweli. Ila wote waliongelea nusu ya kwanza tu. Hakuna hata mmoja aliyegusa zile bili.

Tuanze na walioiita ya kikoloni. Mimi ni mtoto wa Mafia. Nimekulia kisiwani, najua kupigwa picha. Wageni wanakuja kuogelea na papa potwe, wanashuka na kamera zao, wanapiga picha mtumbwi, wanapiga picha watoto tunaoga, ila hawapigi picha foleni ya zahanati wala mtu anayebishana na wakala wa boti juu ya nauli. Kwa hiyo nilipoona dakika za mwanzo za Tabu, vijana wanachoma samaki kwa mikuki, mabinti wanaoga kwenye maporomoko, mashada ya maua vichwani, hakuna anayefanya kazi mpaka akatoka jasho, niliitambua kamera hiyo mara moja.

Na kuna uongo mkubwa zaidi ya huo. Wamisionari Waingereza walifika Tahiti mwaka 1797. Mfalme Pomare wa Pili alibatizwa mwaka 1819. Yaani Murnau alipofika na kamera yake mwaka 1929, watu wa visiwa vile walikuwa na zaidi ya miaka 100 ya makanisa, Biblia kwa lugha yao na kwaya za Jumapili. Kwenye filamu, kanisa hulioni. Murnau alilifuta ili apate miungu wa zamani, binti mtakatifu na mzee wa kutisha mwenye amri ya kifo. Mwiko ule, kama sheria yenye nguvu ya kuua mtu, haukuwa maisha ya vijana wa Bora Bora wa mwaka ule.

Sasa geukia nusu ya pili. Polisi Mfaransa alikuwepo kweli. Maduka ya Wachina yalikuwepo kweli. Meli za kwenda Papeete zilikuwepo. Biashara ya lulu na magamba ya chaza ilikuwepo, na wapiga mbizi walikuwepo. Nusu ile ambayo sisi tuliiona kama nyongeza tu ya hadithi ndiyo iliyokuwa dunia halisi ya wale walioigiza. Ndiyo maana nasema filamu hii inadanganya mpaka katikati, halafu inaanza kusema kweli, bahati mbaya kwa watu ambao wameshaacha kusikiliza.

Na deni la mpiga mbizi halikutungwa na Murnau. Kwenye Ghuba ya Uajemi, mpaka biashara ya lulu ilipoporomoka miaka ya 1930 kwa mdororo wa uchumi wa dunia na lulu za kufugwa za Wajapani, wapiga mbizi walianza msimu kwa fedha ya kutangulizwa na nahodha. Msimu ukiwa mbaya, deni linavuka kwenda msimu unaofuata, na mtu anaweza kupiga mbizi maisha yake yote bila kulimaliza. Miongoni mwao walikuwemo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hata leo mjomba wangu, mvuvi, nyavu na mashine ya boti si vyake, ni vya tajiri, na tajiri huyo huyo ndiye mnunuzi wa samaki wake, kwa bei anayoitaja mwenyewe. Mjomba hana binti mtakatifu wala mzee Hitu maishani mwake. Ana daftari lililoko kwa tajiri, na hajawahi kulifungua.

Hapa niache sinema kidogo, nirudi bwenini.

Mwaka jana nilikuwa nakaa chumba kimoja na mshikaji ambaye sitamtaja. Wengi mnamjua, na wanaomjua wanajua alivyokuwa na roho nyeupe. Bumu likichelewa yeye ndiye anayetoa unga na mafuta. Bumu likiingia yeye ndiye anayesema, "Wanangu, leo hakuna anayelala njaa kwenye korido hii." Siku yake ya kuzaliwa aliagiza chipsi kuku kwa korido nzima, soda juu, na spika ikaletwa. Tulicheza mpaka mlinzi akaja kutugongea. Nilikula mapaja mawili. Nasema idadi makusudi, kwa sababu miezi ile yote iliyofuata nilikuwa naikumbuka.

Fedha ile ilikuwa ya mkopo wa kwenye simu. Sitaji kampuni, na kwa kweli zinafanana. Aliomba 50,000, wakamkata gharama juu kwa juu, zikaingia 35,000, na baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 50,000 kamili. Siku ya saba bumu halijaingia. Akachukua programu nyingine alipe ya kwanza. Halafu ya tatu alipe ya pili. Alipokuja kunieleza alikuwa na tano. Kitaani wanaita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina hilo halihitaji maelezo.

Nilimuuliza, "Kaka, ulisoma masharti?" Akaniangalia kama nimemuuliza kitu cha kijinga. "Mwanangu, nani anasoma? Unabonyeza nakubali." Hapo ndipo Matahi na karatasi za yule mwenye duka, tofauti ni kidole badala ya kalamu. Tena ndani ya ile nakubali alikuwa ameruhusu waingie kwenye majina yote ya simu yake. Wakaanza kutuma meseji. Kwangu ilikuja saa tano usiku, inasema mtu huyu ni tapeli, mwambie alipe. Ilikwenda kwa mama yake. Ilikwenda kwa ustadhi wake wa msikitini kwao. Ilikwenda kwa mhadhiri ambaye siku moja alimpigia kuuliza alama za jaribio.

Wiki moja kabla ya mitihani ya mwisho wa semesta niliamka nikakuta godoro lake limekunjwa. Begi halipo. Hakuaga. Hakufanya mtihani hata mmoja, na unajua mwenyewe chuoni hilo maana yake nini.

Sasa sikiliza watu walisema nini. Wengine: amelogwa, alikuwa na nyota kali. Wengine: kwao kuna mwiko, mtoto wa kwanza wa ukoo ule hamalizi shule, hata baba yake mdogo ilikuwa hivyo hivyo. Mwingine akaleta habari za msichana. Ndani ya wiki moja korido yetu ilikuwa imetunga hadithi nzima yenye laana, ukoo na mapenzi. Ilibaki kuwekewa muziki tu. Na mimi, niliyeiona ile meseji, niliyeyajua majina ya programu zote tano, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ukishasema deni, swali linalofuata ni deni la nini, na jibu nilikuwa nimelila mapaja mawili.

Kwa hiyo nilipokuwa ukumbini Ijumaa ile, nikaona umati unacheza huku Matahi anasaini, sikumtazama Matahi. Niliwatazama wanaocheza. Hakuna hata mmoja mbaya. Wamefurahi, wanampenda, wanaamini kweli kwamba ni mtu mkubwa. Filamu ikiendelea hatuwaoni tena. Siku ya tiketi hawapo, usiku wa papa hawapo, na kamba ilipokatwa hawakuwepo. Nilikuwa mmoja wao.

Najua kuna atakayesema: mtu mzima amesaini mwenyewe, tumlaumu nani? Mhadhiri wangu mmoja aliniambia hivyo hivyo, kwamba mwanachuo anayeshindwa kusoma masharti afadhali arudi kidato cha kwanza. Namheshimu, lakini sikubaliani naye, na filamu inanisaidia. Matahi si mtu asiyejua kusoma. Barua ya Reri aliisoma mwenyewe, na tuliona uso wake unavyobadilika mstari kwa mstari. Saini yake aliijua. Asichokijua ni kazi ya saini: kwamba karatasi ile itakaa kimya ndani ya kabati la mtu mwingine, itamsubiri, na itatoka siku ile ile atakayokuwa na haja kubwa kuliko zote. Hilo hakuna aliyemfundisha, wala hakuna aliyekuwa na faida ya kumfundisha. Sisi hapa tunasoma miaka mitatu, minne, wengine mitano. Nimefundishwa nadharia za maendeleo, nimefundishwa takwimu. Hakuna siku hata moja mtu aliyeweka mkataba wa mkopo mezani na kusema, haya, tusome pamoja, kipengele cha kwanza.

Niwe mkweli pia kwamba hata katika nusu yake ya kweli filamu inapinda. Deni limewekwa mikononi mwa Wachina wenye maduka, nao wamechorwa kama watu wajanja wa kuchekea pembeni, wakati utawala wa Kifaransa uliojenga biashara nzima umewakilishwa na polisi mmoja mnyonge anayehongeka. Hilo tunalifahamu na huku kwetu: kila mtu ana hasira na mwenye duka la jirani, hakuna anayeuliza anayemuuzia mwenye duka ni nani. Na kwenye mikopo ya simu tunamtukana yule dada anayepiga kutudai, ambaye labda naye ni mhitimu wa chuo kama hiki, analipwa kwa idadi ya watu anaowalilia.

Tena wenyewe walioitengeneza filamu hawakupona. Kampuni iliyoahidi kuigharimia haikuleta fedha, Murnau akaingia mfukoni mwake, akawarudisha mafundi wa Hollywood makwao na kuwafundisha kazi wenyeji ili kupunguza gharama. Ilipokamilika, kampuni ya Paramount ikainunua ili kuisambaza. Tarehe 11 Machi 1931 Murnau alifariki kwa ajali ya gari California, wiki moja tu kabla filamu haijaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York. Mpiga picha wake, Floyd Crosby, alipata tuzo ya Oscar kwa picha zile. Na binti aliyeigiza Reri, ambaye jina lake halisi ni Anne Chevalier, alipelekwa New York kucheza jukwaani, kisha Ulaya, akatumiwa kwa jina lile lile la kwenye hadithi. Mwaka 1934 aliigiza Poland katika filamu ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Lulu Nyeusi. Baadaye alirudi Tahiti. Ukitaka kujua ni nani alikuwa lulu katika biashara ile, jibu ni hilo.

Basi kwa nini naipigia debe filamu yenye uongo kiasi hiki? Kwa sababu inatuonyesha tabia yetu. Murnau alikuwa na hadithi ya kweli mkononi, ya kijana hodari aliyemalizwa na bili za vinywaji, akaona haitoshi, akaongeza laana juu yake. Na sisi ukumbini tulikumbuka laana, tukasahau bili. Korido yetu ilifanya vivyo hivyo kwa mshikaji wangu. Mwiko una utamu wake: ni wa wazee, ni wa miungu, hauna mtu wa kumuuliza na hauna wa kumlaumu aliyekaa karibu. Deni lina tarehe, lina kiasi, lina mashahidi, na mara nyingine lina mapaja mawili ya kuku.

Jambo la mwisho kuhusu lile papa. Watu wengi waliotoka ukumbini walisema Matahi aliuawa na bahari. Angalieni tena. Papa alimshinda. Lulu aliipata, tena kubwa. Kama zile karatasi zisingekuwepo, wangekuwa melini tangu asubuhi, na Hitu angebaki pwani na amri yake mkononi. Matahi alikuwa na uwezo wa kuishinda hatari anayoiona. Iliyomfikisha pale usiku ule ni ile ambayo aliisaini huku anacheka.

Sasa niseme nataka nini, maana makala ya jarida hili isiyo na ombi ni kama kikao kisicho na kumbukumbu.

Kwanza, umoja wetu wa wanafunzi uombe saa moja tu kwenye wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya. Tunawaonyesha maktaba, zahanati, uwanja wa mpira. Tuwaonyeshe na mkataba mmoja wa mkopo, uliochapishwa kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mwanzo hadi mwisho, pamoja na hesabu ya fedha inayoingia na fedha inayotoka. Pili, viongozi wetu wakishajua bumu litachelewa watangaze mapema, hata kama habari ni mbaya. Mkopo wa kwanza wa mshikaji wangu ulizaliwa kwenye siku tisa za kuambiwa "kesho, kesho". Mtu akijua ni wiki mbili anapika uji na wenzake. Akiambiwa kesho, anakopa.

Tatu ni letu sote, halihitaji kikao. Rafiki yako akikununulia, muulize imetoka wapi. Muulize kabla hujala. Ni swali la aibu, najua, na kwa mila zetu mgeni haulizi nyama imepatikanaje. Lakini wewe si mgeni kwake. Na mtu akitoweka kwenye korido yako, kabla hujataja nyota yake, ukoo wake au mpenzi wake, mpigie.

Mimi nilimpigia mshikaji wangu Jumamosi, asubuhi ya siku ya pili baada ya filamu. Miezi saba ilikuwa imepita. Namba yake ya zamani haipatikani, ikabidi nimpate kupitia mama yake, ambaye alinisikiliza kwa muda mrefu bila kusema neno, akidhani na mimi nimekuja kudai. Yuko kwao, anaendesha bodaboda ya mtu, amelipa mbili kati ya zile tano. Nilimwambia kuhusu mapaja mawili. Akacheka sana, akasema, "Mwanangu, yalikuwa matatu." Tumeshaanza kuandika barua ya kuomba arudi, na kama umewahi kuandika barua ya namna hiyo ikakubaliwa, nitafute, tunahitaji kuiona.

Kuanzia wiki ijayo, kila Jumatano baada ya saa kumi, nitakuwa kwenye kimbweta cha kwanza mbele ya maktaba, mimi na wenzangu wawili wa sheria. Hatuna fedha za kukopesha na hatutamhubiria mtu. Njoo na karatasi yako, au simu yako, kabla hujabonyeza. Tutaisoma pamoja, kipengele cha kwanza mpaka cha mwisho.